Cheti Ukutani, Mahindi Ardhini

Saa ya mwisho ya semina ya watumishi wa vijijini hufanana kila mahali, iwe Singida, Songea au Sumbawanga. Mgeni rasmi ameshafunga, picha ya pamoja imeshapigwa mbele ya bango, na makabrasha yamebanwa kwapani. Kwenye meza ya nyuma mhasibu anahesabu posho ya siku ya mwisho na nauli ya kurudi, na foleni imeanza kujipanga. Hapo ndipo mratibu anapogawa karatasi moja ya tathmini. Ukumbi ulikuwaje? Chakula je? Mwezeshaji alieleweka? Muda ulitosha? Alama za vema zinatiwa kwenye visanduku kwa kasi ya mtu anayewahi basi, na karibu zote zinaangukia "nzuri" na "nzuri sana", isipokuwa kwenye swali la muda, ambalo jibu lake la kudumu ni kwamba siku ziongezwe. Karatasi zinakusanywa na kujumlishwa, na wiki chache baadaye ripoti inamfikia mkurugenzi au mfadhili ikisema mafunzo yamefanikiwa: waliolengwa wamehudhuria, vyeti vimetolewa, washiriki wameridhika. Faili linafungwa.

Hakuna uongo katika ripoti hiyo. Watu walihudhuria kweli, na waliridhika kweli. Ila hakuna mwananchi anayelipa kodi ili afisa wa kata aridhike. Analipa ili kisima chake kisikauke kwa kukosa matunzo, ili ng'ombe wake achanjwe kwa wakati, ili mkutano wa kijiji usomewe mapato na matumizi. Hoja yangu ni kwamba faida ya kudumu ya mafunzo haikai ndani ya mafunzo yenyewe. Inaishi au inakufa pale mtumishi anakorudi, na mwenye mamlaka ya pale ni mwajiri wake. Kwa hiyo tathmini inayofanyika ukumbini siku ya kufunga, hata ikiwa na maswali mazuri namna gani, imefanyika mapema mno na imemuuliza mtu mmoja tu. Tathmini ya maana ni ya kijijini, baada ya msimu mmoja au miwili, na mtahiniwa wake wa kwanza ni ofisi iliyompeleka mtumishi huyo kusoma.

Wenye fani wamelijua jambo hili siku nyingi. Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alianza kuchapisha makala zilizogawa tathmini ya mafunzo katika ngazi nne, na mgawanyo huo unafundishwa hadi leo. Ngazi ya kwanza inauliza kama washiriki waliyapenda mafunzo. Ya pili inauliza wamejifunza nini. Ya tatu inauliza wanaporudi kazini wanafanya nini ambacho hawakuwa wakikifanya. Ya nne inauliza mabadiliko hayo yamezaa nini. Semina zetu nyingi huishia ngazi ya kwanza. Zinazojitahidi hufika ya pili: jaribio dogo asubuhi ya ufunguzi, jaribio lilelile jioni ya kufunga, na maksi zilizoongezeka zinaandikwa kuwa ushahidi. Lakini maksi za jioni hiyo ni mali isiyokaa. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya anachokariri mtu hupotea ndani ya siku moja asipokirudia. Yeye alikariri silabi zisizo na maana, na somo la ugani lina maana kuliko silabi hizo. Hata hivyo, kila aliyewahi kusomea mtihani anajua kwamba kisichotumika huyeyuka. Ngazi ya tatu na ya nne ndizo zinazomgusa mkulima, nazo ndizo tusizozipanda.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi yaliyoingia kuvu. Tangu hapo maafisa ugani na maafisa afya wamefundishwa juu ya sumu hiyo, na mada yenyewe si ngumu: mahindi yasiachwe shambani baada ya kukauka, yasianikwe juu ya udongo mtupu, yasipukuchuliwe kwa kupigwa fimbo kwa sababu punje iliyopasuka ni mlango wa kuvu, na yasiingie ghalani kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5. Mpe afisa jaribio ukumbini, atajibu yote. Kisha nenda katani kwake mwezi wa saba. Huhitaji dodoso la kurasa ishirini. Pita nyumba kumi uangalie mahindi yameanikwa wapi: juu ya turubai, juu ya kichanja, au chini vumbini kuku wakiparura katikati yake. Muulize mama mwenye nyumba anajuaje kwamba yamekauka. Akikwambia huyang'ata kwa meno, amekujibu kama bibi yake angekujibu. Akichukua chupa kavu, akatia punje na chumvi kavu, akaitikisa vizuri na kukuonyesha kwamba chumvi haikuganda kwenye kuta za chupa, ujue somo limefika nyumbani, maana chumvi inapoganda unyevu ungali juu ya asilimia 15 na mahindi yanapaswa kurudi juani. Chupa hiyo moja ni ripoti kamili kuliko rundo la karatasi za "nzuri sana".

Usipoikuta chupa hiyo, usikimbilie kumlaumu afisa. Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000, na maafisa ugani waliopo hawatoshi kila kijiji kimpate wa kwake. Huyu uliyemfuata huenda anahudumia vijiji vitatu au vinne. Pikipiki anayo, mafuta hana. Mwezi wa mavuno, ambao ndio mwezi wa somo lake, huenda anakaimu utendaji wa kijiji na yuko mbioni na michango ya madarasa. Kipimo cha unyevu alichokiona kwenye semina kiliondoka na mwezeshaji. Aliporudi kazini hakuna aliyemuuliza amejifunza nini, wala ratiba yake haikubadilika hata kwa siku moja. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Timothy Baldwin na Kevin Ford, walipitia tafiti za wenzao na kuonyesha kwamba mafunzo kuhamia kazini hutegemea mambo matatu: mtu mwenyewe, namna mafunzo yalivyoandaliwa, na mazingira ya kazi. Semina inaweza kushughulika na mawili ya mwanzo. La tatu liko mikononi mwa mwajiri, na ndilo ambalo hakuna fomu ya semina inayolitaja. Serikali yenyewe ilikiri uzito wake mwezi Aprili mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipogawa pikipiki kwa maafisa ugani jijini Dodoma. Ilikuwa hatua nzuri, lakini pikipiki nayo ni kama cheti: thamani yake huonekana kwa kilomita ilizokwenda kuelekea shambani, na kilomita hizo zinahitaji mtu wa kuzihesabu.

Tukipanda hadi ngazi ya nne inabidi tuwe waangalifu zaidi, maana huko namba zinaweza kudanganya mchana kweupe. Jirani zetu wa Kenya wana somo lao. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Kenya ilifuata mfumo wa ugani wa "mafunzo na ziara", uliobuniwa na Daniel Benor: maafisa wafundishwe mara kwa mara kwa ratiba isiyobadilika, kisha wawatembelee wakulima maalumu kwa mpangilio, nao wakulima hao wawaambie wenzao. Tathmini ya mwanzo wa miaka ya 1990 ilikokotoa faida kubwa ajabu kwa kila shilingi iliyotumika. Mwishoni mwa muongo huo Madhur Gautam na Jock Anderson, wa Benki ya Dunia hiyohiyo, waliurudia uchambuzi kwa takwimu zilezile, safari hii wakizingatia tofauti zilizokuwapo tangu awali kati ya wilaya na wilaya. Faida ile kubwa haikuonekana tena. Mavuno yaliyokuwa yakihesabiwa kuwa tunda la ugani yalikuwa, kwa sehemu isiyojulikana, tunda la udongo na mvua za wilaya zenyewe. Funzo lake halimaanishi kwamba ugani haufai. Linamaanisha kwamba asiyemtazama jirani ambaye hakufundishwa hawezi kujua aliyefundishwa amefaidika kwa kiasi gani.

Ushahidi huohuo wa kulinganisha unaweza pia kutoa habari njema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu mashamba darasa katika Kenya, Tanzania na Uganda, ukiongozwa na Kristin Davis, ulikuta kwamba nchi hizo tatu zikijumlishwa, kipato cha walioshiriki kilipanda kwa asilimia 61 ukilinganisha na wenzao, na walionufaika zaidi walikuwa wanawake na watu wenye elimu ndogo. Hapa mafunzo hayakuwa ya siku tatu. Kikundi kilikutana shambani msimu mzima, kikatazama mmea ukikua, kikabishana juu ya mdudu mwenye madhara na mdudu rafiki. Lakini utafiti huo unabeba jambo jingine la kutafakari. Uganda pekee haikuonyesha ongezeko la kueleweka, na watafiti waliona sababu inayowezekana ni kwamba nchi ile ilikuwa na mpango wake wa taifa wa huduma za ugani, hivyo hata wasioshiriki shamba darasa walikuwa wakipata huduma nyingine. Namba ndogo ya Uganda, kwa hiyo, huenda ilikuwa dalili ya jirani aliyekuwa akihudumiwa. Na shamba darasa lenyewe si dawa ya kila ugonjwa: huko Indonesia, lilikozaliwa mwaka 1989, uchunguzi uliofuatilia kaya kati ya mwaka 1991 na 1999 haukuona mavuno kupanda wala matumizi ya viuatilifu kupungua kwa walioshiriki. Jina moja la programu, nchi mbalimbali, matokeo mbalimbali. Tofauti ilikuwa katika yaliyolizunguka shamba darasa lenyewe.

Suala la muda nalo lina mfano wake hapa nyumbani. Katika skimu ya umwagiliaji ya Ilonga, wilayani Kilosa, wakulima wachache walipata mafunzo ya kilimo cha mpunga kwa msaada wa Japani, wakiwa na wajibu wa kuwafundisha wenzao. Mambo waliyofundishwa ni ya mikono: kusawazisha jaruba ili maji yasisimame upande mmoja, kunyanyua kingo, kutumia mbegu bora na mbolea, na kupandikiza miche kwa mistari badala ya kuitawanya. Watafiti waliwafuatilia wakulima hao na majirani zao kwa miaka mitano. Mavuno ya wale waliofundishwa kwanza yalipanda kutoka tani 3.1 kwa hekta hadi tani 5.3. Mavuno ya wakulima wa kawaida, ambao hawakupata mafunzo hayo, yalipanda pia, kutoka tani 2.6 hadi 3.7, lakini yalichelewa. Mwenye kupima msimu uliofuata semina angeandika kwamba elimu imebaki kwa wachache. Aliyesubiri ndiye aliyeiona ikivuka jaruba kwenda kwa jirani. Wala isidhaniwe kwamba elimu huvuka yenyewe. Msumbiji, wakulima wawakilishi walipofundishwa moja kwa moja hifadhi ya udongo, walibadilika wao na wenzao wakabadilika kidogo sana. Malawi, wakulima waliopewa kazi ya kuwafundisha wenzao walifanikiwa zaidi walipoahidiwa zawadi ndogo itakayotegemea kijiji kimefuata kiasi gani. Kinachoitwa kwenye maandiko ya miradi "mafunzo ya wakufunzi" ni ahadi tu mpaka mtu aende kuona kama maji yameteremka.

Atakayesema kupima namna hii ni mambo ya wazungu na kompyuta zao asome historia yetu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya" kwa njia ya redio. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo mafupi, na watu karibu milioni 2 wakakusanyika kwenye vikundi kusikiliza, kujadili na kisha kutenda: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi, kuchemsha maji ya kunywa. Watathmini wa wakati ule hawakutosheka na kuhesabu waliosikiliza. Walikwenda kwenye vijiji vilivyochaguliwa kuwa sampuli kabla ya kampeni na baada yake, wakatazama nyumba na mazingira yake. Ni kweli kwamba nyuma ya kampeni hiyo ilikuwapo nguvu ya TANU, na mtu anaweza kubishana juu ya kipi kilichimbwa kwa kuelimika na kipi kwa kuogopa balozi wa nyumba kumi. Lakini kipimo chao kilikuwa sahihi: walikwenda kuhesabu mashimo. Miaka hamsini baadaye, tukiwa na simu inayopiga picha na kuonyesha mahali ilipopigwa, tunahesabu sahihi za mahudhurio.

Pingamizi la kwanza litakalotolewa ni la fedha. Halmashauri haina fedha za kutosha za kufundisha. Itapata wapi za kufuatilia? Jibu ni kwamba ufuatiliaji haulazimu kuwafikia wote. Kati ya maafisa 60 waliofundishwa, chagua 10 kwa kura. Kwa kila mmoja chagua nyumba 10 kwa kura vilevile, wala mwenyekiti wa kijiji asiruhusiwe kuwateua wale wakulima wa mfano ambao kila mgeni hupelekwa kwao. Ziara moja baada ya miezi sita, nyingine baada ya miezi kumi na minane. Na kwa kuwa nafasi za semina hazitoshi kamwe, kura hiyohiyo iamue nani asome awamu ya kwanza na nani ya pili; wa awamu ya pili, kabla hawajasoma, ndio kioo cha kuwatazamia wa kwanza. Hakuna anayenyimwa, na ulinganisho unapatikana karibu bure. Ikibidi kupunguza washiriki watano ili kulipia ziara hizo, wapunguzwe. Semina ya watu 55 ambayo tunajua ilifanya nini ni bora kuliko ya watu 60 tusiyojua lolote juu yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wapo watakaosema kwamba faida kubwa za mafunzo hazipimiki: mtumishi aliyekuwa peke yake porini anapata moyo, anafahamiana na wenzake wa wilaya nyingine, anajifunza kuuliza. Nakubali kwamba faida hizo zipo, na kwamba anayezidharau hajui upweke wa kituo cha mwisho wa barabara. Sikubali kwamba hazionekani. Moyo wa kazi huonekana kwenye siku ambazo ofisi ya kata ilikuwa wazi. Ufahamiano huonekana kwenye simu iliyopigwa kwa mwenzake wa wilaya ya pili viwavijeshi walipoingia. Uwezo wa kuuliza huonekana kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji, ambapo maswali huandikwa. Dai kwamba jambo fulani ni la thamani mno hata haliwezi kutafutiwa alama yoyote duniani linamfaa mshairi. Aliyetumia fedha ya umma hana ruhusa ya kulitumia. Na kuhusu mvua, bei na mengineyo yanayochanganya hesabu, ndiyo maana nimesisitiza jirani wa kulinganisha, kwa sababu mvua ikinyesha humnyeshea na yeye.

Kisha lipo jambo la posho, ambalo wengi hulizungumza kwa kunong'ona. Mwaka 2012 shirika la maendeleo la Norway lilichapisha utafiti wa posho za safari katika Ethiopia, Malawi na Tanzania, uliopewa jina la kuwinda posho, na jina hilo halikumshangaza mtumishi yeyote. Wanaotetea mfumo uliopo wanasema mshahara ni mdogo na posho ya kujikimu ndiyo inayolipa ada ya mtoto. Sibishani na ada ya mtoto. Ninachosema ni kwamba posho inapokuwa sababu ya kwenda, huamua pia ni nani aende: aliye karibu na meza ya mteuzi huenda mara tano, na aliye mwisho wa barabara, anayelihitaji somo, husikia habari zake kwa waliorudi. Njia ya kulitatua hili haikuwa ile ya kufyeka tu. Mwishoni mwa mwaka 2015 serikali ya awamu ya tano ilipobana safari na makongamano, fedha ziliokolewa, lakini kubana hakukutwambia ni semina ipi ilikuwa ikizaa na ipi ilikuwa tasa. Shoka halijui tawi lenye matunda. Napendekeza sehemu ya fedha inayotengwa kwa mshiriki ihamishwe kutoka ukumbini kwenda kituoni: ilipie mafuta, kipimo cha unyevu, turubai la kuonyeshea mfano, na siku zake za kazi za kufanya alichofundishwa. Haitakuwa punguzo la haki yake. Itamfikia pale inapozaa.

Pingamizi la mwisho hutoka kwa maafisa wenyewe, na wana haki kulitoa. Wanaogopa kwamba ziara ya kijijini itageuka fimbo: afisa aliyefundishwa akakutwa hatendi ataandikiwa barua, ilhali aliyemnyima mafuta yuko ofisini. Wengine watasema uhamisho huvuruga kila kitu. Leo yuko Kongwa, kesho yuko Kilwa. Hofu zote mbili zinaishia kwenye hoja yangu ileile. Ziara ikimkuta afisa hatendi, swali la kwanza kwenye fomu liwe la mwajiri: alimpangia siku ngapi za kazi hii, alimpa nini cha kufanyia, alimtembelea lini, na kwa nini alimhamisha kutoka eneo la mahindi alilosomeshwa kwalo kwenda kwenye minazi? Uhamisho unaopoteza fedha ya mafunzo nao ni matokeo ya kuhesabiwa. Mifumo ya kupima utendaji wa watumishi tunayo; tulikuwa na OPRAS na sasa tuna PEPMIS. Humo mtumishi hujaza malengo yake. Kisanduku kimoja cha mkuu wake, kinachouliza amewezesha nini kutokana na mafunzo ya walio chini yake, kingemzindua mkuu huyo kuliko semina elekezi ya wiki nzima.

Kwa vitendo, ninachokiomba ni kidogo. Kabla mkurugenzi wa halmashauri hajasaini kibali cha semina, na kabla mfadhili hajatoa hundi, pawe na karatasi moja yenye mambo manne: mtumishi atafanya kitu gani ambacho leo hafanyi, mwananchi ataonaje, mwajiri atatoa nini ili kifanyike, na nani atakwenda kuangalia, tarehe ngapi, kwa fedha zipi zilizokwisha kutengwa. Karatasi isiyoweza kujazwa ni dalili kwamba semina hiyo haijawa tayari kufanyika. Iliyojazwa iwekwe wazi, isomwe na madiwani, na baada ya miezi kumi na minane isomwe tena mbele ya baraza lilelile. Madiwani wanajua kuuliza maswali ya barabara na madarasa kwa sababu barabara na darasa vinaonekana. Wakipewa karatasi hiyo, wataanza kuuliza na habari za akili zilizolipiwa.

Fomu ya siku ya mwisho haihitaji kufutwa. Chakula kikiwa kibovu, kisemwe, na mwezeshaji asiyeeleweka naye asemwe. Ila isipewe kazi isiyoiweza. Swali la faida ya kudumu lina mahali pake na msimu wake, na kwa somo la sumukuvu mahali hapo ni ua wa nyumba mwezi wa saba, na mtathmini ni yeyote anayejua kutofautisha turubai na vumbi. Akikuta mahindi yangali chini, aandike, kisha apande hadi wilayani akaulize turubai la mfano lilinunuliwa lini na mafuta ya pikipiki yalikwenda wapi.